Mtunzi Hajulikani

Katika kwaya yetu mtunzi hakuandikwa jina lake juu ya karatasi maadamu yu hai. Ungeweza kutunga nyimbo zikaimbwa Noeli na Pasaka, akina mama wakatoa vitambaa na kujipangusa macho, karatasi ikabaki bila jina. Siku ukifa, na kilio kikiisha, maana ndivyo tunavyoita matanga hapa Lubumbashi, ndipo jina lako lilipigwa kwa mashine pale juu, upande wa kulia, na msalaba mdogo mbele yake. Wageni walidhani huo ni unyenyekevu. Nimekaa na waimbaji maisha yangu yote, na unyenyekevu wao najua ulipo: haupo. Kanuni hiyo ilitoka kwa mwalimu wetu wa kwaya, mzee wa reli, mkali, aliyetufokea sote sawasawa. Alikuwa akisema, "Muntu akiwa muzima, wimbo yake haiyaisha. Kesho anaweza kuamuka na kuibadirisha." Haiyaisha, kwa Kiswahili cha mjini kwetu, ni haijaisha.

Mimi nilikuwa mpiga mashine wa kwaya. Mchana nilipiga barua za kampuni ya shaba. Saa za ofisi zikiisha nilibaki na mashine ileile, kwa ruhusa ambayo hakuna aliyewahi kunipa wala kuninyima, nikapiga nyimbo kwenye stensili, karatasi ya nta ya kurudufishia. Hatukutumia noti za duara zenye mikia. Tulitumia solfa, yaani herufi: d ya do, r ya re, m ya mi, na nukta pacha katikati kuonyesha mapigo. Sauti nne hupangwa mistari minne, soprano juu, basi chini, na kila herufi lazima isimame sawa juu ya mwenzake. Ukiteleza nafasi moja tu, tenori anaingia kabla ya wakati na Jumapili parokia nzima inageuza shingo. Sikuwahi kuteleza. Nayasema haya kwa majivuno kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kunisemea.

Karatasi zilikuwa haba, kwa hiyo kila moja ilishikwa na watu wawili. Yule uliyeshika naye aliitwa mwenzako wa karatasi, na ukishapewa hukubadilishiwa. Mimi nilikuwa alto wa mwisho katika mstari, na aliyenifuata alikuwa soprano wa kwanza, basi tukapewa karatasi moja, sisi wa sauti mbalimbali. Yeye alishika kushoto, mimi kulia. Alikuwa mshonaji. Pini zake alizichomeka kwenye kola ya blauzi na kuzisahau, na kila nilipoinama kusoma mstari wangu zilinichoma bega. Nilimlalamikia kila tulipofanya mazoezi, na jibu lake lilikuwa moja.

"Ba-alto munalalaka sana. Lazima kubaamusha."

Solfa hakuijua vizuri. Karatasi aliishika kwa adabu tu. Wimbo aliushika kwa masikio. Lakini alitunga. Alitunga akiwa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga pedali, na ndiyo maana nyimbo zake zote zina mwendo mmoja, mwendo wa mguu. Wimbo ukishamkaa alikuja kwangu, akaimba, mimi nikaandika kwa penseli, kisha nikamsomea nilichoandika. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. "Hapana vile," alikuwa akisema. "Weye unasikia na masikio ya biro. Rudilia." Biro kwetu ni ofisi. Nikarudia, nikifuta na kuandika, hadi akaridhika au chai ikaisha.

Mwaka mmoja, wakati wa baridi, mama yake alifia kwao Kasai na njia ya kufika mazishini haikupatikana. Alikaa kwenye cherehani asishone kitu. Kisha akaja kwangu na wimbo wa kilio. Soprano inaanza peke yake: Nikifika usiku, nani atanifungulia? Halafu soprano inanyamaza vipimo viwili vizima, tenori na basi nao kimya, na alto peke yake inajibu: Miye niko. Miye niko. Ndipo sauti zote zinaingia kwa pamoja. Nilimwambia haifai, alto hawaachwi peke yao mbele za watu namna hiyo.

"Pale utaimba weye," akasema. "Bengine banyamaze. Miye nitakuwa napumuzika."

Tuliuimba katika vilio vingi vya parokia, na mahali pale palikuwa pangu. Kabla sijaingia aliniangalia kidogo kwa pembeni, kuhakikisha nimeamka.

Kisha ikaja miaka ile. Walioiona hawahitaji kusimuliwa. Wasioiona niwaambie kwa ufupi. Watu ambao baba na babu zao walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba na reli waliambiwa mji huu si wao, warudi kwao. Wengi walikuwa hawajawahi hata kukuona huko kwao. Ukoo wangu ulitoka kaskazini mwa Katanga kwa kazi hizohizo na kwa treni hizohizo, lakini hakuna aliyekuja kugonga kwangu. Mwenzangu alitolewa nyumbani na mume na watoto, wakalala nje karibu na stesheni, kati ya magodoro na masufuria ya watu wengine, wakingoja treni. Cherehani aliifunga kwa shuka, akailalia. Mchana nilimpelekea bukari, ugali wetu, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, tukakaa juu ya mzigo. Hatukuimba. Tulizungumza mambo ya kipuuzi, nani amenenepa, nani amekonda, na alinitania kwamba sasa bega langu litapona.

Siku moja nilifika na sufuria yangu ikiwa bado ya moto, na pale alipokuwa akilala hapakuwa na mtu. Treni iliyochelewa majuma na majuma ilikuwa imeondoka asubuhi. Nilisimama na sufuria hadi ikapoa. Nilikuwa na hasira, na hadi leo sijui nilimkasirikia nani zaidi, waliomfukuza au treni iliyochagua siku hiyo kuwahi.

Kwaya ilibaki na mapengo. Waimbaji wa basi waliisha karibu wote, tenori wakawa wa kuhesabika. Wimbo wake haukuimbwa tena. Soprano waliobaki waliuogopa, na nadhani waliona haya pia. Mwalimu wetu alijitahidi na hao waliokuwepo, kisha naye akafa, wakati mishahara imekoma na dawa hazipatikani. Kilio chake kilipokwisha nilipiga jina lake juu ya nyimbo zake zote, karatasi kwa karatasi, na msalaba mbele. Nililia nikipiga, na stensili moja niliiharibu kwa machozi. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kwenye mashine ile. Kampuni ilikuwa ikianguka, na sisi wa ofisini tuliambiwa tukangojee nyumbani. Mume wangu alifariki tukingojea. Watoto sikujaliwa. Vita ikaja, reli ikakatika, na nyumba yangu ikawa na ukimya ambao sikuuzoea, maana mpiga mashine anaishi ndani ya kelele.

Nilimtafuta mwenzangu. Barua zilikuwa hazifiki, basi nikatuma salamu kwa mdomo: kwa wafanyakazi wa treni, kwa masista waliokuwa wakisafiri, kwa redio ya misheni. Hakuna lililorudi. Watu walinihurumia mwanzoni, baadaye wakanichoka. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na niliyaona hayo kwa macho yangu. Waimbaji wapya hawakujua hata kama tuliwahi kuwa na mshonaji. Wimbo ulibaki kwangu peke yangu. Kuuimba sikuweza, kwa kuwa alto haina la kujibu kama hakuna aliyeuliza.

Vita ilipoanza kupoa, mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, muuza sabuni na mafuta kwa jumla, alitenga kona ya ghala lake, akaweka kompyuta chache na kuiita cyber. Jenereta ilinguruma nje, ndani kulinuka sabuni. Nilienda kuomba kazi ya kuwaandikia watu barua zao, akanipa, na siku hiyohiyo nikaona vidole vyangu havijasahau kitu. Alipenda kunionyesha mtambo wake. Ndani ya kompyuta hii, alisema, hakuna kinachokosekana. Nikamwambia basi anitafutie solfa. Alicheka, lakini akatafuta, na ikatokea tovuti ya watu wa kwaya. Walikuwa watu wa kawaida tu, walimu, wauguzi, wanafunzi, walioandika nyimbo kwa kuzisikiliza na kuziweka pale ili kila anayetaka achukue bure.

Nilizisoma, nikakasirika. Herufi zilikuwa zimetawanyika, tenori imelala juu ya basi, nyimbo za watu zimeachwa ovyo. Hawa, nikajiambia, hawakupitia mikononi mwa mzee wangu. Juma lile nilianza kuandika wimbo wa mwenzangu. Kompyuta ilinitesa: nafasi nilizoacha kati ya herufi ilizimeza, mistari ikaparaganyika, ikabidi nijaze kila nafasi kwa nukta mpaka sauti nne zikasimama tena mahali pake. Soprano niliitoa kichwani, nikimsikia akinigombeza. Pale anaponyamaza niliweka nukta tupu, na chini yake, kwenye alto, Miye niko, Miye niko.

Mwishoni kulikuwa na kisanduku kilichouliza jina la mtunzi. Jina lake lilikuwa tayari vidoleni. Lakini kuliandika juu ya wimbo kungekuwa kusema amekufa, na mimi kilio chake sikuwa nimekikalia, habari yake sikuwa nayo. Nisingemzika mtu kwa mashine. Nikakiacha kisanduku kitupu, kama tulivyoacha siku zote, nikabonyeza. Tovuti haikuwa na adabu ya kwaya yetu. Ilijaza yenyewe, kwa Kifaransa, chini ya kichwa cha wimbo: mtunzi hajulikani.

Sikulipenda neno lile. Hata hivyo nilijifariji kwamba mtu aliyepita kwenye kwaya yetu atauona wimbo, ataona hauna jina, na atajua kwamba tunamhesabu mwenzetu kati ya wazima. Na kama mwenyewe atauona, popote alipo, atajua ni nani aliyeuandika na kwamba bado anamngoja. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote. Sikuwa na mwingine.

Mwenye cyber aliniangalia kwa masikitiko ya mfanyabiashara. "Mama, unatupa mali. Mali bila daftari hupotea bila habari."

"Haiko mali, baba. Iko wimbo."

"Kitu ya bule haina mwenyewe."

"Iko na mwenyewe," nikamwambia. "Haiyaisha tu."

Hakuelewa, nami sikumweleza. Alirudi kwenye sabuni zake.

Watu walianza kuuchukua. Kwaya moja ya Kolwezi iliniandikia kushukuru, kisha moja ya Kalemie, kisha mwalimu mmoja wa ng'ambo ya mpaka, Zambia, aliyeniuliza kwa nini alto inaachwa peke yake pale. Nilimjibu kwamba mtunzi alitaka kupumzika. Kila barua ilipoingia moyo wangu uliruka, na kila nilipoifungua ulirudi ulikotoka. Sikujua kabla ya hapo kwamba mtu anaweza kushukuriwa na wengi na akazidi kuwa mpweke. Nilirudi nyumbani, nikapika kidogo kupita kiasi, nikala nusu ya hicho kidogo, nikalala mapema ili kesho ifike.

Halafu mwenye tovuti, mstaafu mmoja wa Ulaya aliyeandika Kifaransa cha heshima, akatuandikia sote. Sheria ya haki za watunzi ilikuwa imewafikia. Wachapishaji walikuwa wanatisha kushtaki. Tangu sasa kila wimbo lazima uwe na jina la mtunzi. Kama amekufa, mwaka wa kifo uandikwe, maana haki yake huendelea kuishi baada yake na hupita kwa watu wake mpaka miaka ya sheria iishe. Kama yu hai, ruhusa yake iletwe. Wimbo usio na hivi wala hivi utaondolewa. Niliisoma nikamfikiria mzee wetu wa reli. Yeye na sheria ya Wazungu wasingekaa meza moja, lakini hesabu yao wote wawili ilianzia kwenye kifo.

Nilimjibu kwamba mtunzi yupo, naamini ni mzima, ila anwani yake sina wala ruhusa yake. Akanijibu kwa upole kwamba atanisubiri kidogo, si sana. Mwenye cyber, ambaye kufikia hapo alikuwa akisoma barua zangu zote juu ya bega langu, alikuwa na dawa yake.

"Andika jina ya padri moja mwenye alikufa. Bafu habakatalaka."

Wafu wakatae au wasikatae, nilimwambia aende akauze mafuta. Sikuwa na hali ya kutaniwa. Nikiandika jina la mwenzangu, wimbo utabaki lakini yeye nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Nisipoandika, wimbo utafutwa, na dunia haitakuwa na mahali pengine popote ambapo anaweza kupita akanikuta. Niliishi na mambo hayo mawili kila siku, nikiyageuza huku na huku, na sikuwa na mtu wa kumwuliza, kwa kuwa wote waliojua kanuni yetu walikuwa wamekufa au wameondoka. Niliacha kisanduku kitupu. Nilikuwa nachelewesha tu, na nilijua.

Asubuhi moja nikafungua, wimbo haupo. Nilidhani muda umeisha. Lakini barua ya mwenye tovuti ilisema jambo jingine: ameuondoa kwa sababu amepokea dai kutoka Mbuji-Mayi, kutoka kwa mtu anayesema yeye ni ayant droit wa mtunzi.

Neno hilo la Kifaransa, sisi wa kampuni ya shaba hatulitafutii kamusi. Maana yake ni mwenye haki, lakini huyo mwenye haki ni mjane, ni yatima, ni yule anayesimama dirishani na cheti cha kifo kudai kile alichoachiwa na marehemu. Nimelipiga kwa mashine maisha yangu yote ya kazi. Sikuwahi kulipiga kwa mtu aliye hai. Nililisoma mara moja nikajua. Mwenye cyber alisoma juu ya bega langu kama kawaida yake. Alinisogezea kiti, ingawa nilikuwa nimekwisha kaa.

Nilimwomba mwenye tovuti ampelekee mdai namba yangu ya simu. Siku chache baadaye nilikuwa nyuma ya nyumba nikichambua lenga-lenga, mchicha wetu, simu ikalia.

"Njo mama wa Lubumbashi?"

"Njo miye," nikajibu, ndiye mimi.

"Njo mama uliandika mama yangu hajulikani?"

Ilikuwa sauti ya hasira, na ndani ya hasira ile ilikuwemo sauti ya mwenzangu, ileile, iliyokuwa ikiniambia nirudie. Nilikaa chini, mboga zikamwagika. Nilimkumbuka: binti yake, aliyekuwa akilala juu ya mizigo pale stesheni, kichwa kwenye cherehani. Nilimwambia aseme yote, ninamsikiliza.

Alisema. Anaimba kwenye kwaya huko Mbuji-Mayi. Mwalimu wao alileta karatasi iliyotolewa kwenye intaneti, wimbo mpya wa kilio, bure. Alipoona mstari wa kwanza alisimama katikati ya mazoezi. "Nilibaambia, huu wimbo ni ya mama yangu. Bakacheka. Bakasema, soma pale juu, mutunzi hajulikani. Mama, mama yangu anajulikana."

Sikujitetea. Nilimweleza kanuni yetu, kwamba jina huandikwa baada ya kilio, kwamba niliacha kisanduku kitupu kwa sababu nilikuwa namhesabu mama yake kati ya wazima, kwamba nilikuwa mwenzake wa karatasi. Niliposema mwenzake wa karatasi nilimsikia anavuta pumzi.

"Ni weye wa mapini," akasema polepole. "Alikuwaka anasema, kule Lubumbashi nilichomaka muntu moja mapini mpaka nilimupenda."

Nikamwuliza alikufa lini.

"Zamani, mama. Vita ilikuwa haiyaanza kupoa."

Kwa hiyo alikuwa amekufa kabla sijaingia kwenye cyber ile hata siku moja. Wakati nikijaza nukta na kuacha jina lake, alikuwa amekwisha zikwa, na watu wengine walikuwa wamekaa kilio chake, na mimi sikuwemo. Miaka yote ile nilikuwa nikimngoja marehemu. Nililia palepale kwenye simu, na yule binti, ambaye hasira ilikuwa imemwisha, alisubiri nilie.

"Mama," akasema baadaye, "iko kintu nilitaka kuuliza. Kwenye ile wimbo, mama alikuwaka ananyamaza. Anaimba nani atanifungulia, kisha ananyamaza, mashini ya kushona inatembea yenyewe, kisha anaendelea. Siye batoto tulifikiri wimbo njo vile. Inauliza, hakuna mwenye anajibu. Na kwa kilio yake niliimba vile, nikanyamaza kama yeye. Sasa kwa karatasi yako naona iko jibu. Ile jibu ni ya mama, ao ni weye uliongeza?"

Lilikuwa swali la mwenye haki, na alikuwa na haki ya kuliuliza.

"Ni yake," nikamwambia. "Miye nilipewaka tu kuiimba."

"Basi, imba."

Nilimwambia aanze yeye, kwa kuwa alto haianzi. Akaanza. Hakuwa na ukali wa mama yake kwenye noti za juu, lakini mwendo ulikuwa uleule, mwendo wa mguu. Nikifika usiku, nani atanifungulia? Akanyamaza. Nikamsikia akingoja. Sauti yangu ilikuwa haijatumika miaka, ilitoka imekwaruza, tena chini kidogo ya pale inapotakiwa, na mzee wetu angenifokea. Miye niko. Miye niko. Kisha binti akaingia na soprano, nikamfuata hadi mwisho, mimi nimekaa chini kati ya lenga-lenga, jirani yangu akichungulia juu ya ukuta na kujirudia.

Tulipomaliza nilimsikia binti akipenga kamasi. Kisha akasema, "Sasa uandike jina, mama. Na uache bantu bachukue bule. Lakini jina ibakie."

Nilikwenda cyber asubuhi yake. Mwenye tovuti, kwa kuandikiwa na binti, alikuwa ameurudisha wimbo, kisanduku kitupu kinaningoja. Niliandika jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, kwa vidole vyote kama nilivyofundishwa. Mbele yake niliweka msalaba. Kompyuta haikuwa na msalaba, nikatumia alama ya kujumlisha. Nikaandika mwaka aliokufa, nikaandika ruhusa imetolewa na mtoto wake. Jina lenyewe siliandiki hapa. Liko kule juu ya wimbo, upande wa kulia, na anayelitaka atalikuta. Kisha nilibonyeza na kubaki nimekaa, mikono juu ya meza, nikiliangalia.

Mwenye cyber alikuja akasimama nyuma yangu. Alisoma, kama kawaida yake, akavua kofia.

"Mama, umemaliza?"

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Imeisha."